Kiti Kimoja Kitupu kwa Mama Mkwe

Fittja, Stockholm
Aprili 2010

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ndege za Jeshi,

Pokea salamu kutoka ghorofa ya sita. Naitwa Zénon, mzaliwa wa Uvira, Kongo, na sasa mkazi wa Fittja. Naendesha foklifti katika ghala la vyakula vilivyogandishwa kule Jordbro. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiswidi changu kinanitosha dukani na kazini, lakini bado hakijafika kiwango cha kulalamika kwa adabu. Naamini jeshi lako lina mkalimani, na kama siku hizi hana kazi nyingi, barua hii itamchangamsha.

Mama mkwe wangu, Mama Emérithe, alikuja kutoka Uvira kwa ubatizo wa binti yetu Maya wakati wa Pasaka. Ubatizo ulipita salama, tukala, tukaimba, tukaagana. Tulipofika uwanja wa ndege wa Arlanda na masanduku yetu, ule ubao mkubwa ulikuwa na neno moja tu kila mstari: inställt. Mama akamuuliza mke wangu Madeleine huo Inställt ni mji gani, mbona leo dunia nzima inakwenda huko. Maya, ambaye tayari anasoma shule ya Kiswidi, ndiye aliyemweleza bibi yake kwamba maana yake ni safari zimefutwa. Mlima wa Aisilandi ulikuwa umetema majivu angani na njia zote za ndege zimekatwa.

Mheshimiwa, sisi watu wa Kivu hatutishwi na milima ya moto. Wa Goma ulipolipuka, watu walibeba magodoro wakatembea. Huu wa Aisilandi hatujauona hata moshi wake, lakini umemrudisha mama mkwe sebuleni kwangu. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Desturi hii ilibuniwa na watu wenye nyumba mbili na uwanja katikati. Mimi nina chumba kimoja, sebule na jiko lisilo na mlango. Kwa hiyo nakula chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha kufulia, juu ya mashine namba tatu. Jirani mmoja Mswidi akabandika karatasi ukutani: “Hapa tunafua nguo. Hatukaangi samaki.” Sikukaanga, Mheshimiwa. Ndagala zilikuwa zimekaangwa tayari juu. Nikamwachia sahani yake kando ya sabuni ili tuelewane, na sasa kila jioni anafua.

2. Bafu letu liko ng'ambo ya sebule. Nikitaka kupita, nakohoa. Mama akisikia, anajifunika kitenge usoni, naye anakohoa. Ndipo napita nikitazama dari. Juzi nilishikwa na mafua ya kweli. Yule mama mtu mzima alishinda amefunikwa kitenge mchana kutwa, hajui ni lini napita na ni lini naumwa.

3. Hili si la kucheka. Binti wa mwisho wa Mama, Aurore, yuko Uvira na mimba yake imekomaa. Ile ya kwanza ilimtoka, na siku ile Mama hakuwapo, alikuwa Bukavu. Akamwapia binti yake kwamba ya pili itamkuta ameshika mkono wake. Sasa mkono wenyewe uko Fittja. Alfajiri namsikia akisali, na baada ya sala anamuuliza Madeleine, “Wamefungua mbingu?” Madeleine anajibu, “Bado, mama.”

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Binamu ya mke wangu, Nicole, ameolewa na askari wa Kiamerika huko Ujerumani. Alitueleza kwenye simu kwamba jamaa za askari wao huandikisha majina kambini, wakakaa na kungoja; ndege ya jeshi ikiwa na kiti kitupu, wanaitwa na kupanda. Wakati mmoja njia yao ya kawaida ilikatwa kabisa, nao hawakukaa kulia. Walipanda basi hadi kambi nyingine, wakaingia ndege iliyokuwa inakwenda kwingine, wakaunganisha nyingine, wakafika kwao na blanketi mabegani. “Siri ni tatu tu,” Nicole alisema. “Begi dogo, moyo mkubwa, na usichague pa kukaa.”

Tukaanza kumwandaa Mama siku ileile, ila hatukumwambia ndege yenyewe ni ya nani. Masanduku mawili yakawa begi moja, ingawa unga wa muhogo aliotuletea mwenyewe alikuwa ameupakia tena arudi nao, akisema sisi hatujui kuupika. Anashinda amevaa koti. Maya huita jina lake ghafla kutoka jikoni, naye husimama, hushika begi na kufika mlangoni kabla mimi sijamaliza kukohoa. Kwa kuwa Nicole alisema ndege hizo zina mabenchi ya ubavuni, Madeleine alimpeleka kwenye metro, laini nyekundu, wakakaa kiubavu hadi Norsborg na kurudi. Hakutapika. Alisinzia. Nakuhakikishia, Mheshimiwa, huna askari aliye tayari kuliko huyu.

4. Najua utasema jeshi ni la kulinda nchi, si la kusafirisha wakwe. Nimelifikiria hilo. Sebule yangu iko ndani ya Uswidi, na kwa sasa siwezi kuifikia. Raia anayekula juu ya mashine ya kufulia kwa sababu ya mlima wa nchi nyingine ni suala la ulinzi wa taifa.

5. Utasema pia kwamba majivu hayachagui, ndege yako nayo itazimika. Basi iruke chini ya majivu. Mama hahitaji kupanda juu sana, alishatembea kwa miguu kutoka Uvira hadi Fizi.

6. Kama huna safari ya Bujumbura, ambako ukivuka mpaka tu umefika Uvira, tutapokea popote. Mshushe Nairobi. Mshushe Khartoum. Mshushe jangwani karibu na barabara, atauliza njia. Akiwa njiani atawapikia marubani, na wao, kwa kuwa hawakuoa kwake, wanaweza kula mbele yake kwa raha zao.

Nina hakika hili utalitazama kwa jicho la huruma. Wasalimie marubani, makanika, mpishi wa kambi, mkalimani anayesoma haya, na mama mkwe wako kama unaye, popote anapokula chakula chake wewe ukila kwingine.

Mimi, mlinzi wa adabu na mashine namba tatu,
Zénon

N.B. Barua hii haikutumwa siku ile, kwa sababu Madeleine alitaka aisome kwanza. Akamsomea na mama yake. Mama alicheka mpaka kitenge kikaanguka, halafu akasema, “Ndege ya jeshi? Miaka yote nilizikimbia na watoto mgongoni, leo nikae niisubiri na begi?” Akavua koti.

Aurore alishikwa na uchungu mbingu zikiwa bado zimefungwa. Simu ikawekwa mezani, Mama akaamrisha kila kitu kutoka Fittja: pumua, geuka, msukume huyo mtoto, na wewe nesi funga hilo dirisha. Nesi wa Uvira akauliza huyo daktari ni nani. Mtoto alipolia, Mama akapiga kigelegele, nami nikatoka mbio chumbani bila kukohoa, tukatazamana uso kwa uso, tukacheka. Ni mtoto wa kike.

Sasa ndege zinaruka. Lakini Mama anasema magoti yake hayaitaki Arlanda tena hadi majira ya joto yaishe, na Aurore anatamani mama yake ampakate mtoto. Kabla Madeleine hajafungua mdomo, mimi mwenyewe nilisema, “Waje.” Kwa hiyo, Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu yageuze. Ukiwa na ndege inayorudi tupu kutoka upande ule, tunaomba viti viwili. Viza tutawaomba wakubwa wengine.