Shaini ya Wifi

Jumatatu, 3 Juni
Jeuri gani hii! Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kafungua udobi wake mkabala na wangu. Juu ya mlango kaandika SHAINI. Nikamuuliza ndiyo nini. Kasema ni Kizungu, wifi nisijisumbue. Mimi! Niliyemfundisha kukamua shuka! Na meneja wa nyumba ya wageni anachagua dobi mmoja Ijumaa. Nikimkosa huyo, nafunga mlango.

Jumanne, 4 Juni
Nimembana mkwe wangu, mwalimu wa Kiingereza, mpaka chai yake ikapoa. Shaini ni kung'aa. Neno kongwe, Waingereza na Wajerumani wamelirithi kwa babu mmoja. Jua hushaini, viatu hushaini, hata mtoto akifaulu wanasema kashaini. Nikauliza, na shuka za wifi je? Kacheka mpaka kashika ukuta. Neno la jua zima, kulitundika juu ya beseni lenye kutu!

Jumatano, 5 Juni
Meneja kaleta shuka za majaribio, nusu kwangu, nusu kwa wifi. Buluu ya kufulia kidogo kwenye maji ya mwisho hung'arisha nguo nyeupe. Sasa ikiwa nyingi? Nimemimina pakiti zote. Mkwe kanisihi niache. Nimemwambia abaki na Kiingereza chake.

Alhamisi, 6 Juni
Shuka zimekuwa rangi ya sare za shule! Nimesuuza, nimesugua, nimezitukana. Wapi! Wifi kaja na beseni lake, kaniita kichwa maji, tukasuuza wote mpaka kiuno kikamgomea. Nimemkanda kwa maji ya moto, nimemlisha. Simpendi hata kidogo.

Ijumaa, 7 Juni
Meneja kauliza kama wageni wake watalala angani. Kazi kampa wifi! Naye, kiuno kimeshikwa, kaniomba nikamfulie. Mimi, chini ya ubao ule wa SHAINI! Nikakataa katakata. Kisha nikaenda. Nani mwingine atamkamulia, maskini?

Jumamosi, 8 Juni
Nimefunga mlango wangu, lakini sijashindwa. Mkwe kasema lipo neno brilianti, Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na mng'ao wake unapita wa shaini. Nitamwambia wifi abadilishe ubao. Shuka zake leo nyeupe pepepe, ila zimelegea, aibu mbele ya meneja. Wanga kidogo hukaza nguo. Wifi kalala, sikutaka kumsumbua. Nimetia ndoo nzima.