Mikebe Ishirini na Mitatu ya Casimir

Mwaka ule wa pili tangu Katanga ijitangaze nchi, robine ya mtaa wa Katuba ilitoa maji saa mbili tu kila asubuhi. Wenye mikebe thelathini ya mbele walipata. Waliobaki walikwenda kwenye kisima jirani na vyoo, wakamwachia Mungu matumbo yao. Kwa hiyo kila mama alipanga mkebe wake tangu mchana wa jana yake, akaenda zake kupika. Hakuna aliyegusa mkebe wa mwenzake. Mkebe katika mulongo, foleni ile ya maji, ulikuwa mtu. Ukiusogeza, umemsukuma mwenyewe.

Casimir, karani wa zamani wa gari la moshi, mwenye tai moja na aibu hata kidogo hana, aliutazama mulongo ule siku moja tu. Akaenda jalalani, akaokota mikebe ishirini na mitatu. Robine ilipofungwa, mikebe hiyo ilikuwa tayari mbele kungoja kesho, imenyooka utadhani inangoja wimbo wa taifa.

"Hii yote ni ya nani?" akauliza Mama Clotilde, mmoja wa akina mama wa mulongo.

"Ya bantu benye kuwa mu safari, mama. Miye niko mulinzi tu. Lakini kwa huruma naweza kukuachia place moja. Sahani moja ya bunga."

Huruma! Bwana yule alikuwa na huruma ya kula asubuhi na jioni. Mwezi mzima hakununua unga, na vifungo vya shati vikaanza kulalamika.

Mama Clotilde alitoa sahani baada ya sahani mpaka gunia likabaki vumbi. Siku aliyokosa alichota kisimani, na mjukuu wake Delphine, wa miaka miwili, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Bibi alilia sana. Kisha akajifuta machozi, akaenda kumwona shemeji yake Rigobert, kapita, yaani msimamizi, wa kazi za komini, serikali ya mtaa.

Rigobert alikuwa na mabomba ya kuleta maji mtaani tangu Pasaka, yanaota kutu uani.

"Nani atachimba mtaro?" akalalamika. "Sheria iko: mwenye mukebe mu mulongo anachimba metre mbili. Lakini nikifika tu, banaume bote bako bagonjwa."

Mama Clotilde akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Kuja kesho, shemeji, na polisi babili. Usitaje kazi. Uliza tu mikebe ni ya nani."

Kesho yake alimnong'oneza jirani yake Albertine karibu na Casimir, mnong'ono wa kusikika hadi sokoni.

"Kamio inakuja! Banasema samaki ya chumvi ya Kilwa, fungu moja kwa kila mukebe!"

Samaki wa Kilwa, bandari ya ziwani! Tangu vita vianze, mtaa mzima haukuwa umesikia hata harufu yake. Casimir akakaza tai.

Kamio, lori la komini, ikafika, imefunikwa turubai. Rigobert akashuka na daftari, polisi wawili nyuma yake.

"Hii mikebe ya mbele ni ya nani?"

"Yangu, shefu! Yote ishirini na tatu!"

"Haukusema ni ya bantu ba safari?" akauliza Mama Clotilde, mpole kama mtawa.

"Wongo! Hata moja haina ya mwingine. Lete kalamu, shefu."

Akaandika jina lake mara ishirini na tatu, kwa mwandiko wa ofisi, kila herufi na mkia wake. Rigobert akapuliza wino ukakauka, akaamuru turubai lifunuliwe. Ndani mlikuwa na mabomba na makoleo.

"Metre mbili kwa mukebe, Bwana Casimir. Zako ni arobaini na sita."

"Na samaki?"

"Samaki gani?"

Casimir akaitazama barabara. Polisi nao walikuwa wakiitazama. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakalia ndoo zao.

Siku ya tatu, jua la Oktoba likichoma, mtaro wa Casimir ulikuwa umefika lango la Mama Clotilde. Mama akapita na ndoo kichwani, imejaa maji.

"Mama, mayi kidogo. Nakufa!"

"Pole, baba. Sahani moja ya bunga."

Hakuwa akitania. Casimir akajikokota hadi kwake, akarudi na sahani. Mama Clotilde akaonja kwa ncha ya kidole: unga wake uleule, mahindi na ulezi alivyotwanga kwa mikono yake mwenyewe. Akampa kikombe kimejaa mpaka juu, akaingia ndani kumpikia Delphine uji.