Wakili wa Meza ya Dirishani

Roscoe Tillery hakusomea sheria chuoni. Aliisomea kizimbani, na kila mara akiwa upande usiofaa. Elimu ile hakutaka ipotee bure. Kila asubuhi, katika mji mdogo wa Cutler's Ford, Alabama, alivaa tai, akaenda kukaa kwenye meza ya dirishani katika mkahawa wa Nadine, mkabala na mahakama ya kaunti, akingoja mtu atoke mle na jasho usoni.

"Hilo shtaka lako," angesema kwa sauti ya mtu anayezika, "kwa sheria za jimbo hili, halina mchezo."

Watu wakamwita wakili. Yeye hakuwahi kusema ni wakili, wala hakuwahi kukataa. Alijichunga hivyo kwa sababu alikuwa bado kwenye kifungo cha nje. Shtaka moja jipya, hata liwe dogo kama punje, lingemrudisha gerezani, na gereza Roscoe alikuwa analiogopa kwelikweli.

Jumamosi moja akasikia mtu mzima akivuta kamasi nyuma yake. Alikuwa Harlan Mabry, shemasi wa kanisa la Wabaptisti, jitu lenye mabega ya kubeba ng'ombe, akinong'ona na mkewe Verlene. Mnong'ono wenyewe ulisikika hadi jikoni.

"Nitafungwa mimi, Verlene! Kumbe lile jiko la kuchomea nyama ni la wizi! Na liko uani kwangu!"

"Si nilikwambia? Jiko ambalo watu wa jiji la Birmingham wangelitolea maelfu ya dola, wewe unauziwa kwa bei ya kuku! Hukujiuliza?"

Maelfu! Roscoe akauacha mkate wake ukizama kwenye mchuzi, akageuza kiti.

"Samahani, ndugu zangu. Sikutaka kusikiliza, ila masikio yangu yamezoea shida za watu."

"Wewe si ndiye yule wakili?" akauliza Verlene.

"Tuseme mimi ni mtu anayeelewa mambo," akasema Roscoe, akirekebisha tai. "Shemasi, kuna wizi, na kuna kupatikana na mali ya wizi. Watu huogopa la kwanza, kumbe la pili ndilo baya. Hawakuulizi uliibaje. Wanaangalia tu kitu kimekutwa kwa nani. Kikikutwa kwako, umekwisha."

"Hata kama sikuiba?"

"Hayo utamweleza mwenzako wa selo."

Harlan akashika kifua. Verlene akasema basi wampelekee sherifu jiko lake yaishe.

"Mama!" Roscoe nusura apaliwe na chai yake ya barafu. "Kulirudisha ni sawa na kukiri kosa! Hapana. Jiko liondoke uani, leo hii, likae kwa mtu anayeelewa mambo."

"Na nikiulizwa?"

"Nyamaza. Una haki ya kunyamaza. Ushauri huo nakupa bure."

Harlan akamkumbatia mpaka mbavu zikalia. Mtu mwingine angeona haya kumwibia shemasi anayemlilia begani. Roscoe alikuwa anawaza Birmingham.

Jiko lilikuwa tanki refu la chuma juu ya magurudumu, limefunikwa turubai, bomba la moshi tu likichungulia. Harlan alilifunga mwenyewe nyuma ya pikapu ya Roscoe, akakaza turubai kwa kamba moja.

"Mbona lina moto?" akauliza Roscoe.

"Nalikausha, lisishike kutu. Na pitia katikati ya mji, wakili. Njia ya nyuma daraja limefungwa."

Sasa, Roscoe alikuwa mtu wa Mobile, mtu wa pwani, mla kamba na kaa. Hakujua kwamba katika kaunti ile jiko likipita linafuka moshi Jumamosi, watu hawaulizi. Wanabeba sahani, wanalifuata. Alipotazama kioo akaona gari moja nyuma yake. Kwenye kona yakawa sita. Penye kituo cha mafuta turubai likang'oka, likaenda zake, na watu wakaanza kupiga honi na kushangilia.

"Loretta! Loretta karudi!"

Kwenye taa nyekundu, bibi mmoja akagonga dirisha kwa uma.

"Mwanangu, mbavu zinatoka saa ngapi?"

"Siuzi, mama."

"Haya, nitasubiri."

Taa ikawa kijani, lakini Roscoe hakuwa na pa kwenda. Mbele yake palikuwa na watu wamebeba viti vyao, nyuma msururu wa magari, na kushoto mahakama. Katikati ya barabara akatokea Sherifu Ottie Grubbs, mwanamke mpana mwenye bastola kiunoni, akalikumbatia lile tanki bila kujali joto.

"Loretta wangu," akasema, macho yamelowa. "Jiko la marehemu mama. Na mashindano ya kuchoma nyama ni leo! Wewe, umelitoa wapi?"

Roscoe akarekebisha tai.

"Nimekabidhiwa na mteja."

"Mteja? Kwani wewe ni wakili? Leseni yako iko wapi?"

Hapo ndipo Roscoe alipouona mtego mzima. Akisema ndiyo, ni shtaka la kujifanya wakili. Akisema siyo, yeye ni mtu baki aliyekutwa na mali ya wizi. Akatazama huku na huku, akamwona Harlan mbele kabisa ya umati, sahani mkononi.

"Ni yule! Shemasi ndiye aliyenipa!"

"Harlan?" Sherifu akacheka. "Harlan ndiye aliyenipigia simu kwamba Loretta anapita mjini! Shuka."

Nadine, aliyetoka na aproni yake kuja kutazama, akatikisa kichwa.

"Maskini Harlan. Kila mwaka anakuwa wa pili nyuma ya sherifu."

"Mwaka huu sidhani," akasema Verlene kwa upole, akiangalia saa. "Majaji wanaonja sasa hivi, na sherifu wetu ana mtu wa kuandikia maelezo mpaka jioni. Kazi kwanza, au siyo, Ottie?"

Sherifu alimtazama Loretta, akamtazama Roscoe, akatukana kimoyomoyo. Kisha akatoa pingu.

"Sema ukweli, kijana. Nani alikupa jiko hili?"

Roscoe akafungua kinywa, kinywa kilichomlisha maisha yake yote, akakuta hakuna neno hata moja ndani yake lisilo na shtaka. Akakifunga.

"Usimsumbue, Ottie," akasema Shemasi Harlan, huku akienda zake mashindanoni. "Ana haki ya kunyamaza."