Mrudisheni Mjukuu Wangu Afute Ubao

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi nimeitikia mapema tusipotezeane muda.

Anayekuandikia ni mtu aliyeshika namba moja darasani miaka yote aliyosoma. Miaka yenyewe ilikuwa minne, na namba moja niliyoshika ni ya kutoka mlangoni kengele ikilia. Kwenye masomo nilikuwa nashindania mkia na mwenzangu mmoja ambaye, kwa bahati yangu, aliugua mara kwa mara. Wajukuu hawajui hayo. Naomba yaishie ofisini kwako.

Nimepata karatasi yako inayoniomba, mimi babu mlezi, nikubali mjukuu wangu wa darasa la tatu akasome hesabu na darasa la tano, tena abaki jioni na lile kundi la watoto wanaoelewa haraka. Jibu langu ni kwamba sikubali. Arudi kwenye utaratibu wa mwaka jana. Sababu zangu ni hizi:

1. Mwaka jana mtoto huyu akimaliza hesabu kabla ya wenzake, alipewa dasta afute ubao. Akimaliza ubao, alipanga madaftari. Huo ndio ulikuwa mpango wa maana wa kulea kipaji. Ubao uling'aa, na mtoto alirudi nyumbani hana swali hata moja. Mimi nilikuwa nalala mchana. Mwaka huu mmemleta yule mwalimu kijana mwenye miwani. Mtoto akimaliza, anamwongezea hesabu ngumu zaidi. Akiuliza, anajibiwa kwa swali. Sasa mtaa mzima unamwita Kwanini.

2. Mkuu wa nyumba ni mimi, au nilikuwa. Juzi ameniuliza robo tatu ya theluthi mbili ni ngapi. Nikamwambia sindano imenichoma kidole. Siku iliyotangulia ilikuwa vumbi jichoni. Bibi yake, ambaye hana huruma, akasema kutoka jikoni, "Mzee, mwambie tu hujui, vidole vitakwisha hivyo."

3. Hili ndilo zito. Mimi ni fundi cherehani, na kitambaa nakikata kwa jicho. Mke wa muuza dawa aliniletea kitambaa cha maua nimshonee gauni, na kikibaki nitoe blauzi ya binti yake. Nikamwambia hakitabaki. Kwanini akachukua chaki yangu, akapima, akageuza vipande huku na huku. "Babu, kipande cha mgongo ukikilaza kichwa chini kinaingia hapa. Blauzi inatoka." Na kweli ikatoka. Nikakata kwa mbwembwe huku nikiwaita majirani waje waone akili ya ukoo wetu. Gauni lilipokwisha, maua ya mbele yalitazama juu, ya nyuma yote yalining'inia miguu juu. Mteja anasema akija anachanua, akiondoka ananyauka. Hesabu ya mtoto ilikuwa sahihi, ila hakuna aliyemwambia kuwa kitambaa cha maua kina juu na chini. Aliyepaswa kumwambia alikuwa ameshika mkasi, anapiga mluzi. Hata hivyo nailaumu shule.

4. Nilitegemea mtoto alie, nimbembeleze, nipate heshima kidogo. Hakulia. Alisema sasa ameelewa kilichokosekana, akaipeleka hesabu hiyo shuleni, na yule mwenye miwani akaiandika kwenye ubao wa darasa la tano: kata gauni na blauzi, maua yote yatazame juu. Mwalimu Mkuu, aibu yangu sasa ni zoezi. Watoto wa darasa la tano wanapita dirishani kwangu wananiuliza, kwa adabu kabisa, kama nimeshapata jibu. Sijapata.

Kwa hiyo naomba mtoto arudishiwe dasta yake. Na kama shule haiwezi kumpunguza yeye kasi, basi inipandishe mimi darasa, maana nyumba moja haiwezi kukaa na pengo kubwa hivi.

Wasalimie walimu wote, mpishi na mlinzi wa geti. Yule mwenye miwani msalimie mwisho, kwa sauti ndogo.

Wako katika kushona na kufumua,
Babu yake Kwanini

Baada ya sahihi: Kuna jambo limenipita. Mwaka jana, enzi za ubao kung'aa, mtoto alianza kukosa hesabu ambazo alikuwa akizifanya huku anaruka kamba. Bibi yake alipomkalisha chini, alisema ukikosa wanakuacha ukae na wenzako. Asubuhi tulikuwa tunamtoa kitandani kwa kumvuta. Leo ameondoka kabla sijaviona viatu vyangu. Basi karatasi yako nimeitia sahihi, imo humu ndani. Yote niliyoandika hapo juu yatupe.

Ila ile suruali yako ya kijivu niliyoiachia kiuno mara mbili, nikanyamaza mtaa mzima ukitaka kujua unakula nini, bado nakudai fadhila yake. Nilipe hivi: jioni moja nikae nyuma ya kundi lile, karibu na dirisha. Wakiuliza, usiseme nimekuja kusoma. Sema fundi amekuja kupima mapazia.