Kadi ya Njano na Fungate ya Miaka Thelathini

Jumatatu, 9 Machi

Watoto wametukatia tiketi mbili za meli ya kitalii. Siku saba baharini! Ndiyo ile fungate niliyomwahidi mke wangu miaka thelathini iliyopita, nikaiahirisha hadi biashara ya mayai itulie. Tunaondoka Jumamosi tarehe 28. Wakala anataka pasipoti (ninayo) na kadi ya chanjo ya homa ya manjano (sina). Mke wangu kachanjwa leo leo. Akauliza mimi lini. Nikasema kesho. Sindano siziwezi. Sijamwambia mtu tangu shule ya msingi, na sianzi leo.

Jumanne, 10 Machi

Zahanati iko mkabala na duka langu la mayai. Nimemwonyesha muuguzi kovu la begani, nikasema nilishachanjwa utotoni. Akavaa miwani, akalitazama, akasema hilo ni la chanjo ya kifua kikuu, kila mtu analo. Akanionyesha la kwake.

Jioni akaja Breki, kaka wa mke wangu, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Kadi yake anayo tangu enzi za kuvuka mipaka, na haiishi muda mpaka kaburini. Kaiweka mezani ndani ya bahasha ya plastiki. Nani alimwomba?

Ijumaa, 13 Machi

Ugunduzi! Karatasi ya wakala inasema mwenye mzio wa mayai anaweza kupata barua ya daktari asichanjwe. Nikavuka barabara. Nikamweleza daktari kwamba yai likinigusa tu mwili wote unavimba. Daktari akasikitika. Muuguzi hakusikitika. Hununua kwangu trei moja kila Ijumaa, na huniona nikijikaangia yaliyopasuka, matatu kwa mkupuo. Akamnong'oneza daktari kazi yangu. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua nane, kutoka kitini hadi mlangoni.

Jumatano, 18 Machi

Asubuhi mke wangu kanisomea karatasi: kadi huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Leo ndiyo mwisho. Akaongeza, kwa upole unaonitia hofu, kwamba ikishindikana Breki yupo.

Nikapiga moyo konde, nikaenda. Kichupa kimoja cha chanjo ni cha watu kumi, na leo kulikuwa na kimoja tu. Mimi nilikuwa wa kumi. Mara akaingia bibi mmoja akihema. Nikampisha. Sijawahi kuwa mkarimu kiasi kile. Kichupa kikaisha, muuguzi akasema nirudi kesho, nikatoka kifua mbele.

Siku moja haiwezi kuwa tatizo. Wakala anasema kumi ili watu waogope, kama mimi ninavyosema zimebaki trei mbili.

Alhamisi, 19 Machi

Nimechanjwa. Haiumi hata kidogo! Nilianguka kidogo baadaye, lakini benchi lilikuwa karibu. Muuguzi kaandika kwenye kadi: imechomwa tarehe 19, inaanza kutumika 29. Meli 28. Sina la kusema.

Jumatatu, 23 Machi

Ninalo. Tisa ukiizungushia mkia inakuwa nane. Nimezizungushia zote mbili. Kalamu ya dukani ni ya bluu, ya muuguzi ilikuwa nyeusi, lakini nani ataangalia? Mke wangu aliishika kadi muda mrefu, akairudisha mezani, akaendelea kukunja nguo za safari. Furaha imemzidi, masikini. Nimemnunulia kofia ya jua.

Jumamosi, 28 Machi

Bandarini. Ofisa wa afya akaielekeza kadi kwenye mwanga. Akauliza mbona mhuri unasema 19. Mhuri! Nikaeleza kwamba muuguzi yule ana haraka sana. Akasema atampigia simu. Nikamwomba asijisumbue.

Mke wangu hakushangaa. Akatoa mkobani karatasi ya wakala, ruhusa ya kubadilisha jina la msafiri, ambayo aliichukua tangu Jumanne. Nyuma yetu alisimama Breki, niliyedhani kaja kutusindikiza. Alikuwa na sanduku.

"Ungeniambia unaogopa sindano, ningekushika mkono," mke wangu alisema. "Miaka thelathini nimekusubiri. Leo nimechoka."

Akavaa kofia niliyomnunulia, akapanda. Fungate yangu, na kaka yake! Iliniuma kuliko sindano. Nilibaki nikipunga mkono mpaka walinzi wakaniomba niondoke.

Jumapili, 29 Machi

Leo kadi yangu imeanza kufanya kazi. Mke wangu katuma ujumbe: bahari imetulia, Breki anatapika. Anasema Oktoba kuna safari nyingine na tutakwenda sisi wawili, ila niangalie pasipoti, lazima ibaki na miezi sita baada ya kurudi. Nimelia kidogo, mbele ya mteja.

Nimeiangalia. Inaisha Desemba. Ofisi ya pasipoti ina foleni mpaka barabarani. Nimefunga duka mapema, nikakaa kutafakari kwa dhati nilikosea wapi. Ilikuwa rangi ya wino.

Nimenunua kalamu nyeusi.