Chapa ya Mzee Jirma

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nilikuwa nimevaa ovaroli mpya. Nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana Chechelesi yote inajua, na nusu yao walikuwa na simu mkononi.

Kwa wale hamnijui vizuri: naitwa Rukia, niko na gereji hapa Chechelesi, Isiolo. Kila mteja akifika swali ni lile lile. "Fundi ako wapi?" Anaona miguu yangu ikitoka chini ya gari, anangoja nitoke, ananiangalia usoni nikiwa na grisi mpaka kwenye nyusi, halafu anauliza, "Madam, fundi ametoka?" (Ametoka. Ametoka chini ya gari yako. Ni mimi!)

Mtu mmoja tu hajawahi kuniuliza hivyo. Mzee Jirma, yule mfanyabiashara wa ngamia. Alinipata siku moja nikibadilisha klachi ya lori, akasimama na fimbo yake, akasikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Intala, niko na gari mbovu nyumbani. Njoo uchukue." Intala ni binti, kwa Kiborana. Hakuuliza kingine. Walai nilitaka kukumbatia ile klachi.

Sasa hiyo gari mbovu. Ni Mustang! Ile ya Amerika, yenye boneti ndefu na sauti ya kuamsha mtaa. Zamani kulikuwa na Mwamerika akichimba visima huku, akaondoka akamwachia mzee gari, mzee akampa ngamia. (Mpaka leo najiuliza yule Mwamerika alifika wapi na ngamia.) Mzee akaiendesha miaka yake, ikaharibika, ikawekwa kwenye boma. Mbuzi wamezaliwa kwenye kiti cha nyuma. Si mara moja.

Watoto wa mzee walitaka iende skrapu. Anayepiga kelele zaidi ni Guyo, kifungua mimba. Lakini mzee alikuwa na hamu moja tu: akae tena ndani ya hiyo gari aingie nayo mjini. Na kuna klabu ya magari ya zamani kule Nairobi, wana maonyesho yao, na hawakubali gari mpaka mtu wao aje aikague aone kama ni orijino. Mzee akaniambia, "Wakisema ni orijino, Guyo atanyamaza." Nikamwambia, "Mzee, atanyamaza." Nikaapa kabisa!

Nimefanya hiyo kazi na moyo wangu wote. Nilisoma, nilipigia watu simu, nilijua namba ya injini inapaswa kulingana na nini kwenye bodi. Nilitoa kapeti nikapata rangi ya kwanza imejificha chini yake, bluu safi, nikaitafutia mwenzake. Hata nati nilikataa kuweka za kisasa. Nikageuka mwalimu. "Orijino maana yake hakuna kilichoongezwa na hakuna kilichotolewa." Nilimwambia mama yangu hivyo akinipakulia chakula. Nilimwambia mama anayeniletea maziwa ya ngamia kila asubuhi, akanijibu maziwa yake pia hayajaongezwa maji.

Halafu nikachora bango. Kubwa. Nikalitundika kwa mlango: GEREJI YA RUKIA. HAPA HATUONGEZI, HATUTOI. GARI INARUDI VILE ILIZALIWA.

(Kumbukeni hilo bango. Litarudi.)

Kulikuwa na kasoro moja tu kwenye bodi. Ubavu wa kushoto, karibu na taa ya nyuma, mtu alikuwa amechora chora na chuma. Duara moja na mistari miwili, kutu imeingia ndani. Watoto hawa! Niliwalaani watoto wa mtaa mzima jioni hiyo. Nikajaza putty, ule udongo wa mafundi wa kuzibia bodi, nikapiga msasa, nikajaza tena, nikapiga msasa mpaka mkono ukilala hapo unateleza. Nikapaka bluu. Mzee sikumwambia, kwani mikwaruzo inaambiwa mtu? Tena gari nilikuwa nimeifunika turubai, nilitaka aione siku ya siku.

Siku ya siku ikawa leo.

Mkaguzi akafika kabla jua halijakuwa kali. Bwana Murimi, shati jeupe, kijisanduku mkononi. Akasimama chini ya bango lenye jina langu, akanisalimia vizuri.

"Habari yako? Fundi ako wapi?"

"Ni mimi."

"Aaa. Sawa, sawa." (Sawa mbili. Mnazijua hizo sawa mbili.)

Mzee Jirma naye akaja na Guyo, kofia mpya kichwani, amejipaka manukato. Macho yake siku hizi yana ukungu, haoni vizuri, kwa hivyo nikamwambia rangi ni bluu kama zamani. Akatabasamu. Nikamletea stuli. Watu walikuwa wameanza kujaa, maana nilikuwa nimealika mtaa. Ndiyo. Mimi mwenyewe. Nilialika mashahidi!

Nikavuta turubai. Watu wakasema "Eeeeh!" Bwana Murimi akaingia kazini. Akasoma namba ya bodi, akasoma ya injini, akasoma tena. Akaangalia mihuri midogo kwenye vioo. Akalala chini na shati lake jeupe. Akainuka akasema, "Hii ndiyo injini ilizaliwa nayo." Nikawageukia watu nikawatafsiria, na alikuwa ameongea Kiswahili. Nilikuwa nimewika, watu wangu. Guyo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Halafu Bwana Murimi akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa.

Mlangoni, ikashika. Juu ya paa, ikashika. Ubavu wa kulia, ikashika. Akazunguka. Ubavu wa kushoto, karibu na taa ya nyuma, akaiachilia.

Ikaanguka.

Akaiokota, akajaribu tena. Ikaanguka tena.

"Fundi, hapa kuna putty?"

"Hapa wapi?"

"Hapa."

"Hiyo sumaku imechoka," nikasema. "Ni hii joto yetu ya Isiolo." (Sijui nilitoa wapi. Mdomo ulijiendea.)

Akaisogeza karibu na mfuko wa ovaroli yangu. Spana iliyokuwa ndani ikaruka kama imeitwa na mama yake.

"Labda basi hapo walitumia aluminiamu," nikasema.

Bwana Murimi akaniangalia. Akainua kichwa akaangalia bango. Akalisoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anasoma tangazo la kifo: "Hapa... hatuongezi..."

Watu wakaangua kicheko! Nikajiambia, sawa Rukia, umeaibika, imeisha. Kumbe hiyo ilikuwa chai. Chakula kilikuwa bado jikoni.

Kwa sababu Mzee Jirma alikuwa ameinuka. Akaweka mkono juu ya boneti, akaanza kutembea nao, pole pole, kama vile anapapasa mnyama sokoni kabla ya kununua. Mlango. Dirisha. Ubavu wa kushoto. Mkono ukafika kwa ile taa ya nyuma, ukasimama. Akapapasa. Akapapasa tena, na vidole vyote.

"Hii si gari yangu," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Mzee, ni yako," nikamwambia. "Ni rangi tu ndiyo mpya."

"Yangu iko na chapa. Hii haina. Umeniletea gari ya nani?"

Sasa kama hujakaa huku, wacha nikueleze. Ngamia wa hapa ana chapa ya ukoo, anachomwa nayo akiwa mdogo, na ndiyo inamfuata mpaka mwisho. Mnyama akipatikana na chapa imefutwa, hakuna mtu anauliza ilikuwaje. Ameibwa. Na aliyeifuta haitwi fundi.

"Si nilisema?" Guyo akaruka. "Amebadilisha! Yetu ameuza Nairobi!"

"Rukia ameiba gari ya mzee!" sauti ikatoka nyuma. Na yule mama wa maziwa, ambaye nanunua kwake kila asubuhi, akavuta jerikeni yake mbali na mimi. Walai niliona! Akaivuta na mguu.

"Mzee wangu, nani anapiga gari chapa?" nikamuuliza.

"Mimi," akajibu. "Nilitoa ngamia. Kitu imetoka kwa ngamia inapata chapa ya ngamia. Chuma ilikataa kuungua, nikaita mhunzi akachonga na patasi. Duara moja na mistari mbili."

Duara moja na mistari miwili.

Astaghfirullah. Nyinyi watoto wa mtaa, mnisamehe, laana zote nazirudisha kwangu.

Kilichoniuma hakikuwa kelele za Guyo. Ni kwamba mzee alikuwa ameondoa mkono kwenye gari. Mtu pekee aliyeniamini bila kuuliza fundi yuko wapi, sasa alikuwa anarudi kwa stuli akitafuta njia na fimbo, na mabega yameanguka. Nilimkimbilia nikamshika mkono.

"Mzee, chapa iko. Iko ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani ya... putty."

Bwana Murimi akakohoa. (Hakuwa na kikohozi.)

Nikachukua kikwangulio nikapiga magoti mbele ya kazi nzuri kuliko zote nimewahi kufanya, nikaanza kuiharibu. Mbele ya mtaa niliowaalika. Na watu wa hapa wanajua kusaidia na mdomo! "Kushoto kidogo!" "Juu!" "Chimba, Rukia, utapata maji!" Na putty yangu nayo ilikataa kutoka. Niliiweka vizuri sana, hapo sitadanganya. Nilikwangua jasho likinitoka, vumbi jeupe likinijaa usoni, na Guyo ameshika simu anauliza kama amwite chifu sasa ama angoje.

Mara kikwangulio kikaingia kwa mfereji. Mfereji ukapinda. Nikafuata pole pole, nikapuliza vumbi. Duara! Halafu mstari. Halafu wa pili.

Nilichukua mkono wa mzee nikauweka hapo.

Kidole chake kikazunguka duara, kikashuka na mstari wa kwanza, kikashuka na wa pili. Akarudia. Halafu akapiga gari kofi mbili za upole, vile mtu anapiga shingo ya ngamia aliyepotea akarudi.

"Ni yeye," akasema.

Nikalia. Nisidanganye. Machozi yakakutana na vumbi la putty, uso wote ukawa uji.

Nikamgeukia Bwana Murimi nikingoja hukumu. Putty nimeficha, uongo nimesema, sumaku ya watu nimeitukana. Yeye alikuwa amechuchumaa anapiga picha ile chapa, anamuuliza mzee habari za mhunzi. Aliposimama akasema, "Kiwanda kilitoa gari nyingi kama hii. Yenye chapa ya ngamia sijawahi kuona. Imepita. Lakini hapo pabaki hivyo, usipake kitu."

"Sipaki!" nikasema. "Hata nikilipwa!"

Vigelegele! Mama wa maziwa alipiga kushinda wote, na jerikeni ikarudi karibu na mimi kama haikuwahi kuondoka.

Mzee akaingia mbele, mimi nikashika usukani, Guyo akaambiwa akae nyuma kwenye kiti cha mbuzi. Nikawasha. Jamani, hiyo sauti! Tukazunguka mpaka sokoni na kurudi, mzee ametoa mkono dirishani, hasalimii mtu, anasikiliza tu injini. "Ongeza kelele," akaniambia. Nikaongeza. Guyo alitaka kusema kitu huko nyuma. Hakusikika.

Tuliporudi, watu walikuwa bado wamejaa gereji, na lori la barabara ya Moyale lilikuwa limeingia likitoa moshi. Dereva, mgeni kabisa, akashuka akaangaza macho huku na huku.

"Fundi ako wapi?"

Mtaa mzima ukaninyooshea kidole. "Ni huyo mwizi!" mama wa maziwa akapaza sauti, anacheka mpaka anajishika kiuno. Dereva akaniona na uso wangu wa uji, akarudi hatua.

Mzee Jirma akatoa kichwa dirishani.

"Ni huyo," akamwambia. "Hakuna mwingine. Lakini mwonyeshe mapema chapa yako iko wapi."

Lori limebaki. Tumelizunguka mara mbili na dereva, nikimuuliza mkwaruzo mmoja mmoja kama una mwenyewe. Bango nimeshusha, nalipaka upya kesho. Msicheke, tafadhali. Mama wa maziwa ameshacheka kwa niaba yenu wote.