Leeds Wamemuuliza Bi Kheiria

Jumapili, 2 Novemba

Daftari jipya. Kalinunua Mastura, mke wangu, kwa amri ya daktari. Presha yangu iko juu. Kila siku, kwa siku thelathini, niandike ninayoyashukuru. Nikamwambia daktari mimi mtu wa kazi nyingi. Akaniuliza kazi gani. Nikabadilisha mazungumzo.

Haya. Nashukuru kwa ofisi yangu ya Wattaya, hapa Muscat, juu ya duka la magari. Chini yanang'aa magari, juu nang'aa mimi. Nashukuru kwa kibao cha mlangoni: Sleiman, Wakala wa Ajira Uingereza. Mwaka mzima sasa naitafutia kampuni moja ya Leeds wafanyakazi wa hospitali. Nimeshapeleka wangapi? Mtu mwenye presha haulizwi hivyo.

Barua pepe asubuhi, kutoka kwa Bi Heather, msimamizi wangu wa huko Leeds. Soko gumu. Viza zimebanwa. Walezi wa wazee kutoka nje hawachukuliwi tena. Kampuni inapunguza mawakala. Asiyekuwa na mtu aliyetia saini kufikia Alhamisi saa sita mchana, saa za kwao, mkataba wake umekwisha. Akaongeza, kwa adabu zake, kwamba kwa upande wangu huyo mtu mmoja atakuwa ndiye wa kwanza.

Nilikuwa na kumi na mmoja! Wote walikataliwa mwezi uliopita. Eti barua zao zote zilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuwahudumia wagonjwa." Hata ya mpishi. Barua ziliandikwa na akili mnemba ya kompyuta yangu, na kompyuta yao ikaijua. Wanajuana wenyewe kwa wenyewe.

Kabaki wa kumi na mbili tu, Nouf, mpwa wa Mastura, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Barua yake aliiandika mwenyewe kwa sababu haniamini. Mitihani yote kapasi. Miaka miwili anangoja nafasi. Nikimkosa Nouf nafunga ofisi na kwenda kwa Maan.

Maan ni mtoto wa ami yangu, na yeye ni wakala vilevile. Ofisi yake iko Qurum, dirisha linatazama bahari, mashine ya kahawa inasaga yenyewe. Kapeleka wahandisi wawili Aberdeen. Kila tukikutana harusini ananikumbusha kuwa kiti cha kupokea wageni ofisini kwake bado kitupu. Nashukuru wiki hii hakuna harusi.

Jumatatu, 3 Novemba

Usaili wa Nouf, kwa video, ofisini kwangu. Nilijiandaa barabara. Makaratasi kumi na manane ya majibu, kwa herufi kubwa. Mimi nyuma ya kompyuta, nikiyainua moja moja.

Saa sita tuko tayari. Leeds kimya. Dakika kumi. Ishirini. Nikamwandikia Bi Heather kwamba nimemsamehe. Kumbe Waingereza wamerudisha saa zao nyuma wiki iliyopita, nchi nzima, na mimi sina habari. Nouf akalala kitini. Mimi nikaendelea na mazoezi mpaka mkono ukaingia ganzi.

Saa saba wakatokea, Bi Heather na daktari mmoja. Nouf hakuyatazama makaratasi hata kidogo. Wakamuuliza udhaifu wake ni nini. Nikainua: NAJITUMA KUPITA KIASI. Yeye akasema hana subira na madaktari wanaochelewa kufika chumba cha upasuaji. Nikakaa chini. Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Wamempenda! Naamini makaratasi yalimtuliza.

Limebaki jambo moja, mdhamini. Bi Heather alisema siku hizi kwao mwajiri akiulizwa hataji zaidi ya tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, kwa kuogopa kushtakiwa. Na barua za sifa zote sasa zinaandikwa na mashine. (Hapo alikohoa kidogo.) Kwa hivyo yeye hupiga simu. Anataka mtu asiye wa ukoo, aliyemjua Nouf zaidi ya miaka kumi.

Nouf akamtaja Bi Kheiria. Nikaomba maji.

Jumanne, 4 Novemba

Nieleze kwa nini niliomba maji. Bi Kheiria ana miaka sabini na minane. Nyumba yake na ya kina Nouf zimegawana ukuta. Kasoma Unguja, na hapa Muscat kasomesha Kiingereza miaka thelathini. Kiingereza chake ni safi kuliko cha Bi Heather. Hilo silo tatizo. Tatizo ni kwamba Bi Kheiria ndiye anayeulizwa. Watu wakitaka kuposa, kabla hawajapeleka neno, humwendea yeye: huyu binti yukoje, huyu kijana yukoje? Naye husema. Hafichi. Kwake anayeombwa shauri amepewa amana, na amana itaulizwa kwa Mungu. Kashavunja posa nne. Yangu ilikuwa iwe ya tano. Baba yake Mastura alipomuuliza habari zangu, alijibu: mtu mwema, lakini hamalizi kitu.

Nimemwendea alasiri na halwa ya zafarani. Nikamweleza kwamba Leeds watampigia Alhamisi. Akauliza kama wanamtaka Nouf. Nikasema wanamtaka. Akasema basi wana haki ya kuambiwa.

Nikamtolea ukurasa wa sifa niliomwandalia, awasomee tu. Malaika angeona haya kusifiwa vile. Akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu. Akanirudishia na makosa kumi na mawili ya sarufi, na chini yake maneno: "Si kweli. Tena ndefu."

Nashukuru hakunipa maksi.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Asubuhi nimekwenda Matrah kununua laini mpya ya simu. Nambari hiyo nimeiandika kwenye fomu kuwa ndiyo ya Bi Kheiria, nikaituma Leeds. Kesho Bi Heather atapiga, nitapokea mimi, kwa sauti ya bibi wa miaka sabini na minane mwenye Kiingereza safi.

Nimefanya mazoezi ndani ya gari, vioo juu. Kikohozi kidogo, kisha "Yes, my dear." Jirani kanigongea kioo kuniuliza kama nataka kupelekwa hospitali.

Mastura kagundua. Alinisikia bafuni. Hakupiga kelele. Kaniuliza kwa upole ninaogopa nini, kwani Nouf ana aibu gani?  Nouf hana aibu yoyote. Nilisema biashara ni biashara, nikafunga bomba.

Nashukuru kwa mke mvumilivu. Hili naliandika kwa dhati. Kashona kifungo cha kanzu yangu kwa ajili ya kesho, na huku hasemi na mimi.

Alhamisi, 6 Novemba

 Mwisho wetu, ile saa sita ya Leeds, ulikuwa saa kumi alasiri kwa saa zetu.

Kuanzia saa saba nimekaa ofisini na laini mpya, nimeshakunywa maji ya moto ya tangawizi kulainisha koo. Saa saba na nusu ikalia! Nikakohoa. Nikasema "Yes, my dear." Ilikuwa kampuni ya simu, inanikaribisha. Saa nane, kimya. Nikampigia Nouf. Akaniambia, ami, ile nambari kwenye fomu ulikosea, mimi nimeirekebisha jana. Bi Heather yuko na Bibi kwenye simu dakika ishirini sasa.

Sijui niliendeshaje. Nimefika, Bi Kheiria kakaa kitako barazani kwake, simu mezani, sauti imefunguliwa nyumba nzima. Nouf kando yake, kainamisha kichwa. Bi Kheiria kaniashiria nikae, nisinong'one.

Alikuwa anasema yote. Nouf hana subira kabla ya chai. Wali wake unaungua. Kagombana na mamake wiki nzima kwa ajili ya paka. Mimi nikiyahesabu maneno kama misumari. Kisha akasema, polepole: "Mwaka juzi nilivunjika nyonga. Msichana huyu alikuwa akitoka kazini ananijia mimi, ananiogesha, miezi mitatu. Hakuwahi hata siku moja kugeuza uso wake. Akikwambia atakuja, atakuja."

 Nilidhani laini imekatika. Kisha tukasikia Bi Heather anapenga kamasi. Akasema ana miaka ishirini katika kazi hii na hajapata kusikia udhamini wa namna ile, anamtumia Nouf mkataba sasa hivi autie saini.

Ushindi! Saa nane na nusu. Nilishasimama.

Bi Kheiria akasema bado. Sasa zamu yake kuuliza. Binti huyu atalala wapi? Nani atakuwa juu yake, na huyo yukoje? Nyumba za huko zina unyevu? Na nani anayemjua huyo mkubwa wake, ili aulizwe? Bi Heather akacheka, kisha akaona kwamba hachezewi, akatoa nambari ya muuguzi mkuu. Bi Kheiria akaiandika, akashukuru, akasema: "Tutatafakari, tutakupeni jibu." Akakata simu.

Tutatafakari! Kwetu anayeposwa hajibu siku ileile. Ni aibu, utadhani binti alikuwa amekaa mlangoni. Wiki moja ndiyo adabu. Posa ya Mastura ilichukua siku kumi na saba. Nikamgeukia Nouf atie saini. Akasema, ami, Bibi hajaridhia, sitii. Miaka miwili kangoja, na hatii!

Saa tisa. Nikajaribu hila tatu. Nilisema Leeds kuna mtu mwingine anayetakiwa. Bi Kheiria akasema basi wamchukue. Nilisema bei ya viza itapanda. Akasema yote hupanda. Nilisema daktari kanikataza kungoja. Akanitazama tu, vile alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake.

Hapo nikachoka kusema uongo. Nikamwambia: "Bibi, Nouf watamngoja. Mimi ndiye sitongojewa. Saa kumi ikipita, ofisi yangu imekufa, na nitakwenda kumpokelea Maan wageni."

 Kisha akasema: "Mwanangu, hilo ungelisema toka Jumanne. Mie nna akili ya kusikia kweli. Hebu nipe simu hiyo."

Akampigia muuguzi mkuu wa Leeds palepale. Mama wa Kihindi, wa Kerala! Kafanya kazi Muscat miaka sita, akikaa Ruwi. Wakazungumza joto la Juni, wakazungumza halwa, wakazungumza nyumba za wauguzi (zina unyevu, lakini hita ipo). Mimi nikitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika nane Bi Kheiria akamwambia Nouf: "Ni mtu. Tia saini."

Katia. Nimelia. Nouf pia. Bi Kheiria kasema tusilowanishe simu.

Ijumaa, 7 Novemba

Alhamdulillahi. Leo nashukuru bila ya kulazimishwa.

Baada ya sala tumekula kwa Bi Kheiria, sote. Mchuzi wa papa, wali kaupika yeye mwenyewe, Nouf kafukuzwa jikoni. Barua ya Bi Heather imefika kwenye simu yangu tukiwa mezani: mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja. Mastura kaisoma mara mbili, kisha kanitilia kipande kikubwa cha papa. Tunasema tena.

Maan kapiga kunipongeza. Akataka kujua nimefanyaje. Nikasema ni mfumo. Akasema mfumo gani. Nikasema wa siri. Sikuwahi kumsikia Maan akinyamaza muda mrefu vile, na hilo nalo nalishukuru.

Nilipokuwa natoka Bi Kheiria kaniita kando. Akasema Bi Heather alimuuliza na habari zangu, jana, kabla sijafika, na asubuhi ya leo kapiga tena.  Nikauliza, umemjibu nini, Bibi?

Akasema: "Jana nilimwambia mtu mwema, lakini hamalizi kitu. Leo nimemwambia safari hii kamaliza."

Nimekaa ndani ya gari robo saa kabla ya kuwasha. Wazazi wangu hawapo tena. Nilisahau kuna mtu bado ananitazama nikikua.

Jumamosi, 8 Novemba

Somo la wiki hii limeniingia. Waingereza hawataki sifa za kupamba. Wanataka ukweli, kutoka kwa bibi.

Basi usiku kucha sikupata usingizi kwa furaha, na asubuhi na mapema nimefungua ofisi. Nimeisimulia kompyuta kila neno alilosema Bi Kheiria, nikaiambia inipe ukweli wa namna hiyo kwa watu arubaini walioacha majina yao ofisini. Dakika mbili! Udhamini arubaini wa kibibi, kila mmoja unaanza: "Hana subira kabla ya chai, lakini mwaka juzi nilivunjika nyonga." Nimeusoma wa kwanza, nikatokwa na machozi. Uliobaki sikuusoma, mtu asome machozi mangapi? Nimeutuma wote Leeds. Pamoja na wa mpishi.

Maan atakoma. Nimeagiza na kibao kipya cha mlangoni: Sleiman na Bibi.

Bi Kheiria bado sijamwambia. Nitamaliza kwanza hili, kisha nimwambie.

Limebaki daftari. Siku saba nimeandika, daktari anataka thelathini, na mimi sasa nina biashara ya kuendesha. Lakini mtu anayemaliza vitu hashindwi na siku ishirini na tatu. Nimeipa kompyuta iniandikie shukurani zilizobaki. Imeshaanza, na imeanza vizuri sana: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kushukuru."